Mchango si Hisani
(Maneno ya mweka hazina katika mkutano wa wanachama, Dar es Salaam)

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa Kigoma na Ujiji,

Nilipokuwa nakusanya ahadi, kijana wetu mmoja aliniambia: "Mzee, mimi kodi nalipa. Darasa ni kazi ya serikali. Tukichanga sisi, serikali italala." Sikumkasirikia. Swali hilo linastahili jibu.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 tunalikumbuka kwa kujitegemea. Lakini lilituonya pia jambo ambalo sisi wa mjini hatupendi kulikumbuka: mikopo hujenga zaidi mijini, lakini hulipwa kwa jasho la mkulima, hivyo mjini tunaweza kugeuka wanyonyaji wa kijiji.

Tujiulize basi, nani alitusomesha? Ni dagaa walioanikwa ufukweni, ni mawese, ni kahawa ya Kalinzi. Hata nauli ya treni iliyotuleta huku ilitoka humo. Kwa hiyo tukichanga hatutoi hisani, tunarudisha deni.

Ni kweli, ada ilipofutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, wengi wetu tuliona kazi imekwisha. Lakini watoto waliongezeka na madarasa hayakuwatosha. Kule nyumbani watu hawakukaa kusubiri. Wanafanya msaragambo, wanabeba mawe na mchanga, wanainua boma hadi kwenye lenta, kisha wanaidai halmashauri mabati. Boma likishasimama, kiongozi hawezi kusema hakuna kilichoanza. Hapo mchango haumlazi mtu, unamwamsha.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Fedha zetu ziende kwenye boma, zisichukue nafasi ya fungu la halmashauri. Hesabu yake ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kila mtu aisome. Na ukutani lisiandikwe jina la mfadhili: aliyetoa milioni na mama aliyebeba ndoo ya mchanga wote ni wachangaji.

Kijana yule tunaye hapa leo. Ameahidi, ila kwa sharti: barua ya kuidai halmashauri sehemu yake iende siku moja na fedha zetu. Nimekubali, na nimemwomba aiandike yeye.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho.