Kijana Amalizapo Kidato cha Nne
(Maneno yaliyonenwa mbele ya wanachama, Heru Juu)



Twanena machache juu ya vijana wetu wa Uha.

Makerere ilipofunguliwa mwaka 1922 ilianza kwa kufundisha useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Elimu ya juu ilifuata baadaye. Basi ufundi haukuwa fedheha, ulikuwa mlango.

Lakini sisi makarani twapenda mwana akae mezani kama sisi. Twakiri kosa hili. Fomu ya kuchagua masomo na vyuo hujazwa shuleni kabla ya mtihani, na wengi wetu tumewachagulia watoto pasipo kuwauliza. Mwana wa mmoja wetu alipelekwa kusomea uhasibu, na moyo wake u katika mifugo. Aliacha chuo mwaka wa kwanza. Karo ikapotea, nasi tukaona haya.

Yatupasa mambo matatu. Kwanza, tumwulize kijana apendalo, ndipo tutazame alama zake. Matokeo yakitoka aweza kubadili chaguo lake. Pili, tutazame nchi yetu: ni nchi ya maharage, migomba na ng'ombe, nayo yahitaji mabwana shamba, waganga, walimu na mafundi. Chuo cha Ualimu kipo karibu, Kasulu. Tatu, tusilipe karo kabla ya kuhakikisha kwamba chuo kimesajiliwa na NACTVET.

Kalamu ni kazi njema, lakini si kazi pekee.

Wasalaam.