Mawazo Mengi na Afya ya Mwili

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka, Magu)



Kwanza kabisa natoa shukrani kwa kamati ya maandalizi kwa kunipa nafasi hii. Kamati ilinitaka niseme kama tabibu na siyo kama mwanasiasa, na tena ikanionya kwamba pilau limekwisha kuiva. Kwa hiyo nitajitahidi kuwa mfupi.

Ndugu zangu, sisi tuliokalia madawati ya shule hii sasa tuna mvi. Wengine tumestaafu na tunasubiri mafao. Wengine tunalima pamba ambayo bei yake hatuipangi sisi. Wengine tuna mitumbwi ziwani, na samaki hawapatikani kila siku. Karibu wote tuna kijana nyumbani aliyemaliza masomo na bado hana kazi. Lakini tukiulizwa habari, tunajibu "salama tu". Ni juu ya hiyo "salama tu" ninayotaka kuzungumza leo, kwa sababu mwili hauisadiki.

Tuanze na jirani yetu pundamilia. Lamadi, karibu na Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, ilikuwa ndani ya wilaya yetu hii mpaka Busega ilipokuwa wilaya peke yake mwaka 2012. Pundamilia akimwona simba, homoni iitwayo adrenalini humwagika katika damu kutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Moyo huenda mbio, presha hupanda, na ini hutoa sukari ili misuli ipate nguvu. Kazi zisizo za haraka, kama kusaga chakula, husimamishwa kwanza. Baadaye kidogo hufuata homoni nyingine, kotisoli, ili nguvu hiyo isikatike. Baada ya dakika chache pundamilia ama ameliwa, ama ameokoka. Akiokoka, anarudi kula majani yake. Mvuvi anayekutwa na dhoruba katikati ya Ghuba ya Speke anayo mitambo hiyo hiyo, nayo ndiyo inayompa nguvu ya kupiga makasia mpaka ufukweni. Kwa hiyo mshtuko wenyewe si ugonjwa. Ni zawadi.

Taabu yetu wanadamu ni kwamba tunaweza kumwita simba kwa kumfikiria tu. Mtu amelala nyumbani kwake Kisesa, saa nane ya usiku, mlango umefungwa, adui hayupo. Lakini anahesabu deni la chama cha mikopo, karo ya mtoto, na shamba linalogombaniwa na ndugu. Mwili wake haujui kutofautisha deni na simba, nalo deni haliondoki baada ya dakika tano. Hali hiyo ikiendelea miezi na miaka, usingizi hupotea, kinga ya mwili hulegea, mafuta hujazana tumboni, na moyo na mishipa ya damu huumia.

Huenda mtu akasema hayo ni maneno ya vitabuni. Basi tuvuke mpaka kidogo, maana Serengeti inaungana na Maasai Mara ya Kenya. Huko, tangu mwaka 1978, mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert Sapolsky, alikwenda mwaka hadi mwaka kuwachunguza nyani. Aliwapiga sindano ya usingizi kwa mshale mdogo, akawatoa damu na kuipima. Aliona kwamba katika kundi lililotulia, madume wa chini wanaoonewa kila siku walikuwa na kotisoli nyingi kuliko wakubwa wao. Lakini aliona jambo la pili ambalo kwangu mimi ni kubwa zaidi: madume waliokuwa na urafiki na wenzao, wanaokaa pamoja na kuchambuana manyoya, kotisoli yao ilikuwa chini.

Kisha katikati ya miaka ya 1980 ikatokea ajabu. Madume wakorofi wa kundi moja walikuwa wakienda kugombea mabaki ya nyama kwenye jalala la hoteli ya watalii. Nyama ile ilikuwa na kifua kikuu, nao wakafa. Walibaki majike na madume wapole. Kundi likawa na amani, na hata madume wageni waliojiunga miaka iliyofuata walijifunza upole ule. Wanyonge wa kundi hilo hawakuonyesha tena dalili za mfadhaiko zilizoonekana kwa wanyonge wa makundi mengine. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2004. Kwa hiyo shida peke yake siyo inayoumiza. Inaumiza zaidi shida usiyoiweza, uliyonayo peke yako.

Kwa upande wa wanadamu, mwaka 1995 watafiti wa Ohio, Marekani, walichukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza nyumbani ndugu zao waliopotewa na kumbukumbu, na wengine 13 wa umri wao wasio na mzigo huo. Kila mmoja alitobolewa kijeraha kidogo mkononi. Vijeraha vya wale wauguzaji vilichelewa kupona kwa siku 9 hivi. Shemeji zetu mnaouguza wazee majumbani, jambo hili linawahusu ninyi hasa.

Hapa lakini hapana budi nitoe tahadhari. Siyo kila ugonjwa unatokana na mawazo. Kwa miaka mingi tulisema kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, waligundua bakteria anayeishi katika tumbo. Marshall alifikia hata kumnywa bakteria huyo mwaka 1984 ili kuthibitisha, na tumbo likamuuma kweli. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Leo tunajua kwamba vidonda vingi huletwa na bakteria huyo au na dawa za kutuliza maumivu zinazomezwa ovyo. Mawazo yanaweza kuzidisha maumivu, lakini bakteria anahitaji dawa. Kadhalika presha: huchangiwa pia na umri, urithi, chumvi, unene, pombe na sigara. Aliyeandikiwa dawa za presha asiziache eti kwa kuwa sasa ana raha moyoni.

Sasa, ndugu zangu, tunapambanaje na mawazo? Naziona njia tatu mbaya. Ya kwanza ni chupa. Pombe hulaza mtu haraka, lakini humwamsha alfajiri na kumpandisha presha. Ya pili ni kutafuta mchawi. Jambo hili ni la aibu kwetu Usukumani. Ng'ombe wakifa au mtoto akiugua, mtu mwenye hofu hutaka kumpata wa kumlaumu, na wazee wetu wa kike wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe. Huko ni kuihamisha hofu yako na kumtwisha bibi asiye na kosa.

Njia mbaya ya tatu ni kunyamaza, na hiyo ndiyo yetu sisi wanaume. Asubuhi tulisimama kuwakumbuka wenzetu waliotangulia. Wawili kati ya tuliowataja walianguka kwa kiharusi, na hawakuwahi kupimwa presha. Mmoja wao alikuwa ameuza ng'ombe zake karibu zote kulipia deni, na mkewe alilijua deni hilo siku ya matanga. Sisemi kwamba deni ndilo lililomuua. Nasema alilibeba peke yake, wakati alikuwa na mke, ndugu, na sisi sote.

Njia nzuri tunayo tangu zamani. Nendeni Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma, mkaone ngoma ya Bugobogobo. Ile ni ngoma ya jembe. Wazee walilima kwa pamoja, kwa ngoma na nyimbo, shamba la mmoja leo, la mwingine kesho. Jua lilikuwa kali vilevile, ila hakuna aliyebaki peke yake na shamba lake.

Wenzetu wa Zimbabwe wamelifanya jambo hili kuwa tiba. Kishona kina neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, kile sisi tunachokiita mawazo mengi. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi wazee 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Waliwekewa benchi nje ya zahanati, wakafundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu achague shida moja anayoweza kuanza nayo. Utafiti wa watu 573, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliopata mazungumzo ya namna hiyo walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Benchi, ndugu zangu! Magu hatukosi mwembe wala benchi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mmoja wetu achague mwenzake mmoja hapa, wawe wanatafutana kila mwezi, na swali lisiwe "habari" tu, bali "unalala?" Pili, tutembee, tulime, tupunguze chumvi na pombe. Tatu, tupime presha. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine na kubaki hivyo, ni cha kwenda nacho kwa daktari. Usingoje kichwa kiume, kwa sababu mara nyingi presha haina dalili yoyote.

Na mwenye mawazo mazito ya kutaka kuyakatisha maisha yake asingoje mkutano wa mwakani. Aje kwangu leo, au aende hospitali leo leo. Hatutamcheka.

Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha kusikia sufuria zikigongana. Meza ya kupimia presha iko pale chini ya mwembe, na wauguzi wawili wanatungoja. Naomba kamati itoe amri kwamba hapana kupewa sahani kabla ya kupimwa, kuanzia na Mwenyekiti mwenyewe.