Raba za Breki Wakati wa Mvua

(Haya ni maneno ya mazungumzo kwa wapanda baisikeli wa mitaa ya mashariki ya Nairobi.)



Leo nataka kusema nanyi juu ya kitu kidogo sana, kisichozidi urefu wa kidole, ambacho wengi wetu hatukikumbuki mpaka siku ya hatari. Kitu hicho ni raba ya breki ya baisikeli.

Sote twayajua majira yetu. Mvua ya masika hunyesha toka Machi mpaka Mei, na ya vuli toka Oktoba mpaka Desemba. Katikati yake, yaani Juni, Julai na Agosti, huja baridi na manyunyu ya asubuhi. Hayo ndiyo majira ambayo mtu atokaye Kaloleni, Makongeni au Jericho kwenda kazini Industrial Area huikuta barabara imelowa, magari yamesongamana, na matatu husimama ghafula mbele yake. Wakati huo maisha yake yamo katika vipande vinne vya raba.

Mimi mwenyewe nilifunzwa na ulimwengu. Asubuhi moja ya Aprili nilikuwa nikitoka Shauri Moyo kushuka upande wa Gikomba, mwanangu amekaa nyuma kwenye keria. Mara mkokoteni ukakatiza njia. Nikafinya breki kwa nguvu zangu zote, lakini baisikeli ikaendelea kana kwamba sikufinya kitu. Tukaanguka mtaroni, na mtoto akavunjika mkono. Namshukuru Mungu kwamba haukuwa shingo. Raba zile zilikuwa mpya, nilizinunua juma lililotangulia. Nilipomwuliza fundi yawezekanaje raba mpya kushindwa, akanijibu, "Ndugu yangu, ulitazama bei. Hukutazama rimu, wala raba yenyewe." Jibu hilo ndilo nililokuja kuwaeleza.

Rimu ni za namna mbalimbali. Kwanza, kuna rimu za chuma, kama zile za baisikeli nyeusi nzito ambazo watu wa Kenya huziita Black Mamba. Chuma hicho hupakwa kromu, nacho huwa laini kama kioo. Kikilowa, maji hukaa katikati ya raba na chuma, na raba huteleza. Mtu asiyesadiki na ajaribu mahali wazi pasipo magari. Apande pole pole, afinye breki rimu ikiwa kavu, ahesabu hatua mpaka baisikeli iliposimama. Kisha amimine debe la maji juu ya rimu, arudie. Hatahitaji hotuba tena.

Kwa rimu za namna hiyo watengenezaji wa Uingereza zamani walitoa raba zilizotiwa ngozi usoni, kwa sababu ngozi hushika kromu yenye maji kuliko raba tupu. Usipozipata, nunua raba mpya iliyo laini. Walakini sitawadanganya: hakuna raba itakayoifanya rimu ya chuma iliyolowa isimame kama iliyo kavu. Dawa yake ni mwendo wa pole, na kuacha nafasi kubwa mbele yako. Mtu akitaka kubadili rimu, na amwulize fundi kwanza, maana breki za fito za Black Mamba hubana rimu upande wa ndani, nazo hazifai kwa kila rimu.

Pili, kuna rimu za alumini, ambazo twaziona katika baisikeli nyingi za mtumba zitokazo Ulaya, na hasa zile nyepesi za barabarani. Hizi husimama vizuri zaidi katika mvua. Raba nyeusi ya kawaida yafaa, lakini ziko raba zenye rangi nyekundu iliyofifia, kama nyama ya samaki, zilizochanganywa kwa ajili ya maji. Za Kool-Stop kutoka Marekani zimejulikana sana kwa kazi hiyo. Raba za ngozi msizitie katika alumini. Na mwenye rimu za kaboni asitumie ila raba zilizotengenezwa kwa kaboni, kwani nyingine zaweza kuiharibu rimu.

Tatu, kuna breki za diski. Vipande vyake ni vya namna mbili: vya resini, na vya unga wa metali ulioshindiliwa kwa moto. Vya resini havina kelele nyingi, lakini mvua na matope huvila upesi. Vya metali hustahimili zaidi. Ila tazama kwanza maandishi yaliyo juu ya diski, maana nyingine zimeandikwa kwamba zataka resini peke yake. Wala usiache mafuta yaguse diski au vipande vyake.

Sasa tuingie dukani. Ikamate raba mkononi, uibonyeze kwa ukucha. Ikiwa ngumu kama ubao, nayo inang'aa, irudishe, hata kama ni mpya na bei yake ni ndogo. Raba iliyokaa rafuni miaka mingi hukauka, na baridi ya Julai huizidishia ugumu. Raba zangu zilikuwa za namna hiyo.

Katika kuifunga kuna mambo matatu. Raba iguse rimu tu, isiguse tairi, maana italikata. Wala isishuke chini ya rimu ikaingia katika spoki. Ncha yake ya mbele iguse kwanza kidogo, kwa unene wa kipande cha kadi, ndipo haitapiga kelele. La tatu ndilo kubwa: ziko raba zinazochomekwa ndani ya kishikio chenye mdomo wazi upande mmoja. Mdomo huo lazima uelekee nyuma. Ukielekea mbele, siku utakapofinya kwa nguvu raba itachomoka, nawe utabaki huna breki.

Baada ya mvua, futa rimu kwa kitambaa. Udongo mweusi wa Eastlands hushika mchanga, na mchanga huo hujichimbia katika raba ukaitafuna rimu kama tupa. Uchokoe kwa ncha ya kisu, kisha isugue raba kidogo kwa msasa. Raba ikilika mpaka mifereji yake imetoweka, itupe. Na rimu ya alumini iliyobonyea ubavuni kwa kulika ibadilishwe, maana yaweza kupasuka njiani.

Mwisho, mwendo wenyewe. Katika mvua gusa breki mapema, kwa wepesi, ili raba ipanguse maji kwanza. Kisha ndipo ufinye. Tumia breki zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Na asubuhi ya baridi funika mikono, hata kwa soksi kuukuu, kwa maana vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kufinya.

Watu husema ajali haina kinga. Nami nilisema hivyo siku ile, nikiwa nimekaa hospitali pamoja na mtoto wangu. Lakini kinga ilikuwako, nami niliipita dukani kwa sababu ya kuokoa shilingi chache. Basi kesho asubuhi, kabla hamjatoka, inameni mtazame raba zenu. Na yule anayemchukua mtoto nyuma na atazame mara mbili.