Saa Nne ya Nani?

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya wale wanaojitolea kwenda nchi nyingine kwa muda mfupi kutoa ushauri wa kazi, na jinsi iwapasavyo kujitayarisha.

Mwaka 2008 kampuni ya IBM ya Marekani ilianza kutuma vikundi vya wafanyakazi wake katika nchi kama Ghana, Vietnam, Romania na Tanzania. Kila kikundi kilichanganya watu wa mataifa mbalimbali. Kazi ilikuwa ya mwezi mmoja, lakini matayarisho yalichukua miezi mitatu. Pengine utauliza, mbona matayarisho yawe marefu kuliko kazi yenyewe?

Sisi tulipata jibu kwa aibu. Tulikuwa watu wanane, kutoka India, Ujerumani, Brazil, Kanada na hapa Kenya, katika mpango mwingine wa namna hiyo. Tulitakiwa kukisaidia chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kaskazini mwa Tanzania, kupanga hesabu zake. Tulipewa majuma manne, yaani siku 20 za kazi. Kwa miezi mitatu tulizungumza kwa simu kila juma. Wenzetu wa mbali waliuliza maswali na kujifunza kusalimu. Sisi Wakenya wawili hatukuuliza neno. Tulijiambia, Tanzania ni kwa jirani, na Kiswahili tunacho. Tujifunze nini zaidi?

Basi tukafika. Katibu wa chama akamwambia kiongozi wetu, Mjerumani, kwamba wazee wa kamati watatungoja kesho yake saa nne. Mwenzetu alikuwa amejifunza kuhesabu kwa Kiswahili, lakini saa akazifuata za kwao. Akaandika katika ratiba kwamba mkutano ni saa kumi za alasiri. Sisi Wakenya tuliisoma ratiba ile, na wala hatukuuliza kama ni sawa. Tulipofika alasiri, ofisi ilikuwa imefungwa. Wazee walikuwa wameacha kahawa mbivu shambani, wakatungoja mpaka adhuhuri, kisha wakaenda zao.

Siku ya pili tukatangulia sisi Wakenya kwenda kuomba radhi, tukaharibu zaidi. Tulisema pole haraka haraka, kisha tukadai, "Tunataka vitabu vya hesabu." Mzee mmoja akatutazama, akasema kwa upole, "Wanangu, kwetu mtu husalimu kwanza." Wakati huo mwenzetu wa Brazil, asiyejua hata maneno 20 ya Kiswahili, alikuwa akimwambia mzee wa pili, "Shikamoo." Yeye ndiye aliyepewa kiti.

Jioni ile tulikaa pamoja tukafanya lililotupasa tangu mwanzo. Kila mmoja aliwaeleza wenzake: kwetu mtu akinyamaza, ana maana gani? Akisema ndiyo, amekubali, au anatustahi tu? Nani hutoa uamuzi? Hapo mwenzetu wa India akasema kwamba kwa miezi mitatu alikuwa kimya kwenye simu kwa kuwa hatukumpa nafasi, nasi tukadhani ameridhika. Kumbe kati yetu sote, yeye peke yake ndiye aliyewahi kufanya kazi katika chama cha ushirika!

Ndugu zangu, mkumbukeni Nehemia. Aliposikia habari za ukuta wa Yerusalemu, ilipita miezi kama minne kabla hajaomba ruhusa kwa mfalme. Mfalme akamwuliza safari itachukua muda gani, naye akataja muda. Alipofika, alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache kuukagua ukuta, kabla hajamwambia mtu la kufanya. Na waliojenga walikuwa wenyeji wenyewe, kila mmoja mahali pake.

Nasi tulianza kutembea na mtunza hesabu wa chama, tukimwuliza badala ya kumfundisha. Daftari alilolipanga mwisho lilikuwa la kwake, kwa mkono wake, naye aliweza kulieleza mbele ya wazee bila sisi kusema neno. Lakini hatukumaliza yote. Siku ile tuliyowapotezea wazee haikurudi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi wewe unayejitayarisha kwa safari kama hiyo, mtafute yule asiyesema katika kikundi chenu, umpe nafasi. Saa za miadi ziulize mara mbili. Na kama waona safari ni ya kwa jirani tu, wewe ndiwe unayehitaji matayarisho kuliko wote.

Mpaka tukutane tena, kwaherini.