Gari Livutalo Upande Mmoja

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo madereva wengi wa Migori na Homa Bay wanalijua kwa mikono yao, ingawa ni wachache wanaojisumbua kulitafutia sababu. Nalo ni gari kuvuta upande mmoja liendapo, hata dereva asiwe na budi kuushikilia usukani kwa nguvu lisitoke njiani.

Siku moja nilipanda gari la abiria mjini Homa Bay, nikielekea Rongo. Nilikaa kando ya dereva, nikaona kwamba mikono yake haikulegea hata mara moja; daima aliuvuta usukani kuelekea kulia. Nikamwuliza, "Ndugu, gari hili lina nini?" Akacheka, akajibu, "Lina tabia yake, bwana. Nami nimekwisha kuizoea." Tulipokaribia Rongo, ng'ombe aliingia barabarani. Dereva akakanyaga breki, na mara gari likaruka kushoto mpaka ukingoni, na watoto wa shule waliokuwa wakipita wakatawanyika kama vifaranga. Kwa rehema za Mungu hakuumia mtu. Mama mmoja mzee aliyeketi nyuma yetu akasema, "Mwanangu, wewe umeizoea tabia ya gari lako. Watoto wale hawajaizoea." Hakuna aliyemjibu.

Katika nchi yetu magari hupita upande wa kushoto. Gari likivuta kushoto, huko kuna watoto, akina mama wenye mizigo, baiskeli na pikipiki. Likivuta kulia, huko kuna malori yanayokuja. Kwa hiyo hakuna upande ulio salama wa kuvutwa.

Basi yafaa tulichunguze gari kwa utaratibu, na swali la kwanza ni hili: huvuta wakati gani? Je, ni wakati wote, au ni hapo ukanyagapo breki tu?

Lakini kabla ya kulilaumu gari, tuitazame njia. Barabara hujengwa ikiwa imeinuka katikati na kuteremka kandoni, ili maji ya mvua yapate kutoka. Gari zima kabisa laweza kuelea kidogo kushoto kwa sababu hiyo. Kwa hiyo lijaribu polepole mahali palipo sawa, pasipo watu. Likienda sawa hapo, kosa si lake. Lakini likivuta kulia hata barabarani, yaani likipanda mteremko badala ya kuufuata, ujue hakika kwamba lina ugonjwa.

Pili, tazama tairi, maana ndilo jambo rahisi kuliko yote. Gari huvuta upande wa tairi la mbele lililopungukiwa upepo. Pima upepo asubuhi kabla ya safari, matairi yangali baridi. Kiasi kitakiwacho huandikwa katika kibao penye mlango wa dereva. Kwa magari mengi madogo ni kama ratili 30 hadi 35 kwa kila inchi ya mraba. Matairi mawili ya mbele yawe ya kipimo kimoja na yawe yamechakaa sawasawa. Ikiwa upepo ni sawa na gari bado lavuta, mwambie fundi abadilishane matairi ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia kushoto, maadamu si yale yenye mshale wa kuonyesha upande wa kuzunguka. Uvutaji ukihamia upande wa pili, mkosaji ni tairi.

Tatu, breki. Ikiwa gari huvuta wakati wote, enda mwendo mfupi, kisha simama, usogeze kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Gurudumu lenye joto kupita mwenzake huenda likawa limeshikwa na breki isiyoachia. Lakini likivuta wakati wa kukanyaga breki peke yake, angalieni sana, kwa maana hapa wengi hudanganyika. Gari huvutwa kuelekea gurudumu lililoshika zaidi. Huenda hilo ndilo zima, na la upande wa pili ndilo bovu, kwa kuwa limeingiwa na mafuta au bomba lake limeziba. Kwa hiyo fundi afungue pande zote mbili.

Nne, vyuma vya usukani na vya kushikilia magurudumu. Shimo moja la barabarani, hasa baada ya mvua kuchimba njia za murramu, laweza kupinda chuma au kuvunja springi. Pitisha mkono juu ya matairi ya mbele gari likiwa limesimama: tairi lililolika ukingo mmoja laonyesha kwamba gurudumu halikusimama sawa. Hapo ndipo penye kazi ya fundi mwenye mashine ya kupimia magurudumu. Lakini vyuma na mipira iliyochakaa ibadilishwe kwanza. Kupima magurudumu juu ya vyuma vilivyolegea ni kutupa fedha.

Mwisho, mizigo. Magunia ya omena au ya mahindi yakipangwa upande mmoja, gari huinama, na gari lililoinama haliendi sawa.

Na ikiwa gari halikuwa na desturi hiyo, kisha ghafula likavuta, yamkini ni pancha. Usikanyage breki kwa nguvu. Shika usukani imara, ondoa mguu kwenye mafuta, uliache lipunguze mwendo, kisha utoke njiani pole pole.

Dereva yule alimwendea fundi huko Rongo jioni ile ile. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa na moto kama birika; pistoni ya breki ilikuwa imeshikwa na kutu. Kazi yenyewe haikumaliza hata nusu ya siku.

Najua kwamba madereva wengi si wenye magari. Dereva huogopa kupoteza siku, na tajiri huogopa kupoteza mapato. Lakini Sheria ya Trafiki ya Kenya yataka gari litunzwe katika hali isiyohatarisha watu wengine barabarani, na haisemi kwamba mazoea ni matengenezo. Dereva na aseme mapema, na tajiri asimwone mvivu kwa kusema.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari, anzeni na upepo.