Jina Moja Katika Karatasi Zote

(Mazungumzo na vijana na wazazi wa Munje)

Nashukuru mmekuja, maana maji yamekupwa na najua wengine mngependa kuwa pwani saa hizi.

Mmeniita niseme juu ya kwenda ng'ambo kusomesha Kiingereza. Hapa kuna vijana wenye digrii ya ualimu ambao hawajaandikwa kazi, na wameambiwa Asia wanatakikana. Ni kweli, lakini si kila nchi. Korea Kusini visa yake ya walimu wa Kiingereza huwapa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Mtu akikuahidi visa hiyo, jua anataka pesa zako. Thailand huchukua Wakenya, bora uwe na digrii. Na wewe uliyesoma kwa Kiingereza miaka yote hiyo, huenda ukaambiwa ulete cheti cha mtihani wa Kiingereza! Usikasirike, ufanye tu.

Sasa lile lililonileta. Kinachowaangusha watoto wetu mara nyingi si digrii. Ni jina.

Nilimsaidia msichana mmoja wa upande huu, tufanye aitwa Fatuma. Shule ya Thailand ilikuwa imemkubali. Cheti chake cha kuzaliwa kilichukuliwa akiwa darasa la saba, karani akaandika Fatma. Mwalimu alimwandikisha mtihani kama Fatuma, na cheti cha KCSE kikatoka hivyo. Kitambulisho nacho kimeruka jina la baba, kikaweka la babu. Kwetu sisi huyo ni mtu mmoja, hata muuza mahamri pale barabarani atakwambia. Kwa afisa mezani ni watu watatu. Alivuka feri ya Likoni mara nne. Aliambiwa alete kiapo, akaleta, akaambiwa hakitoshi. Shule ilingoja miezi miwili, kisha ikachukua mwingine. Mamake alikuwa ameshauza mbuzi wawili. Na mimi nina lawama hapo: nilimwambia aanze na pasipoti, nisimwambie aanze na jina.

Basi ukifika nyumbani, tandika karatasi zako zote mkekani: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, vyeti vya shule, digrii, na cha TSC kama unacho. Soma herufi kwa herufi. Tofauti ikiwa ndogo, kiapo mbele ya wakili au hakimu huenda kikatosha. Jina likiwa jingine kabisa, utahitaji hati ya kubadilisha jina, ambayo husajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Cheti cha mtihani ni KNEC peke yao wanaoweza kukirekebisha, na si kazi rahisi. Kwa hivyo wazazi, mtoto anapoandikishwa mtihani, nendeni shuleni mkalione jina lake kabla halijapelekwa. Msiseme mwalimu anajua.

Jina likishakaa sawa, ndipo uombe pasipoti. Cheti cha tabia njema cha DCI, kile cha alama za vidole, usikichukue mapema mno. Waajiri hutaka cha karibuni. Digrii huthibitishwa Wizara ya Mambo ya Nje, Nairobi, kisha uulize ubalozi wa nchi uendayo wanataka nini zaidi.

Vyeti vyenyewe usimwachie wakala. Mpe nakala. Na kwanza uliza kama ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Akikwambia uende kwa visa ya utalii, eti kazi utaandikiwa huko huko, kataa. Mwaka 2022 Serikali iliwarudisha nyumbani Wakenya walioahidiwa kazi Thailand, wakavushwa mpaka Myanmar na kulazimishwa kutapeli watu kwa kompyuta. Hawa hawakuwa wajinga, jamani. Walikuwa na haraka, kama sisi.

Jumamosi ijayo njooni hapa na karatasi zenu, hata ninyi msiokwenda popote. Mimi nitakuja na miwani. Yule msichana atakuwapo pia kunisaidia kusoma. Karatasi zake sasa zina jina moja, na ameshaanza kuandikia shule nyingine.