Kelele ya Karibu, Sauti ya Mbali



Sisi wakaazi wa Ayany kelele twaijua: matatu, jenereta, na treni ikikatiza Kibera mpaka mabati yanatetema. Basi leo tuwatazame watu ambao kazi yao kubwa ni kupambana na kelele.

Marekani kuna mitambo miwili iitwayo LIGO, mmoja Livingston, mwingine Hanford, umbali wa kilomita 3,000 hivi. Hunasa mawimbi ya mvutano, yaani mtikisiko wa anga pale vitu vizito mno vinapogongana mbali huko. Kila mtambo una mikono miwili ya kilomita 4, na ndani yake mwanga wa leza hurudishwa na vioo. Wimbi likipita, mkono hubadilika urefu kwa kiasi kisichofika hata sehemu ya elfu ya upana wa protoni!

Sasa kitu kidogo hivyo kitasikika vipi? Treni ikipita karibu na Livingston, vioo vyatikisika. Bahari ikichafuka, ardhi hutetema hadi bara. Mwaka 2017 kule Hanford zilionekana alama zisizoeleweka. Wataalamu wakasikiliza maikrofoni zao, kumbe ni kunguru! Walikuwa wakidonoa barafu iliyoganda kwenye bomba.

Angalieni hekima yao. Hawakuziba masikio. Waliweka maikrofoni na vipima tetemeko kila upande, ili kila kelele ijulikane inatoka wapi. Kisha wakatafuta shahidi wa pili. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo yote miwili ilinasa wimbi lile lile, kwa tofauti ya milisekunde 7 tu, la mashimo meusi mawili yaliyoungana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Treni ya Livingston haiwezi kutikisa Hanford.

Tena kelele ya huyu ni habari ya yule. Tarehe 11 Novemba 2018 mvumo wa ardhi kutoka karibu na Mayotte, kwa jirani zetu wa Komoro, ulinaswa hadi hapa Kenya. Mwaka 2019 watafiti wakakuta volkano mpya chini ya bahari.

Ndugu zangu, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 jumbe za uchochezi zilipita simu hadi simu, na hapa Kibera nyumba na maduka yaliungua. Basi habari ikikufikia, kabla hujaipeleka kwa mwenzio, uliza: shahidi wa pili yuko wapi? Au ni kunguru tu anadonoa bomba?